Samoni Niliowarudisha Mtoni kwa Mdomo

Nyumba ya mteja wangu ilikuwa Guildford, Uingereza, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa asubuhi: nimwogeshe, nimpe uji wa shayiri, nimpe dawa, kisha nikimbilie kwa mteja mwingine. Alikuwa Mskoti, macho yamekwisha, mdomo bado mzima. Nilimwita Mzee. Mwanzoni alinuna, baadaye akawa anaitika.

Kwao alifanya kazi maisha yake yote kwenye kituo cha kutotolesha samaki aina ya samoni. Alinisimulia mpaka nikaijua kazi yenyewe. Waliwakamata majike wa asili wanaopanda mto kutoka baharini, wakawakamua mayai ndani ya beseni, wakayachanganya na mbegu za dume kwa unyoya wa bata bukini. Vifaranga walilelewa kwenye matangi, halafu wakamwagwa mtoni. "Bila sisi ule mto ungekuwa mtupu," alisema kila siku, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Aliyembishia ni mdogo wake, mlinzi wa mto huohuo. Yeye alisema vifaranga wa tangi hawajui kuogopa, wanawanyang'anya wa asili chakula, kisha wanazaana nao na kuharibu kizazi. Eti ni kama kutia maji kwenye maziwa halafu ujisifu kwamba sufuria imejaa. Walitukanana siku ya mazishi ya mama yao, na tangu hapo hawakusemezana, miaka nenda miaka rudi. Jamani, kwa sababu ya samaki!

Asubuhi moja ikaja barua ya huyo mdogo. Mzee alipojua imetoka kwa nani, akasukuma bakuli la uji pembeni. "Anasema nini kuhusu samaki?" akauliza kabla sijaikunjua vizuri.

Nikapitisha macho. Ilisema msimu ule hawajaona samoni hata mmoja, si wa asili, si wa kituo. Nikamtazama alivyokuwa amekodoa yale macho yasiyoona. Kwetu Kenya habari mbaya haimwagwi hivihivi. Mama yangu alipofariki niliambiwa amezidiwa kidogo, nikate tiketi haraka, na kumbe alikuwa mochari siku ya pili. Niliwalaani wote walionidanganya. Na bado mdomo wangu ukafanya vilevile.

"Anasema wamerudi," nikasema. "Wengi sana."

Basi ikabidi niruke mistari iliyofuata, maana haikupatana na uongo wangu. Iliandikwa: "Labda ni vifaranga wenu, labda ni bahari kupata joto. Sijui tena nani kati yetu alikuwa sahihi, wala sijali." Nikasoma ya mwisho tu, kwamba yeye ni mgonjwa, nambari yake ni hii, ampigie.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Si nilimwambia! Sasa aombe msamaha. Atafute nambari yangu, anipigie yeye."

Kila asubuhi nikawa namsihi. Mzee, ndugu yako anaumwa, mpigie. Ananijibu aliyeshindwa ndiye anayepiga. Mkaidi yule! Lakini kiburi hicho ni mimi niliyempa. Nilipanga kumwambia ukweli Jumatatu, nikaahirisha mpaka Alhamisi, Alhamisi nikajifanya nina haraka. Mwoga mkubwa mimi.

Wiki ya tatu ikaja barua nyingine, ya binti wa mdogo wake. Baba yake alikuwa ameshazikwa. Hiyo niliisoma yote, neno kwa neno, hata pale aliposema kwamba siku za mwisho alilala na simu kifuani na kukataza mtu yeyote asiiguse. Kisha nikaitoa ile ya kwanza na kuungama, huku nikilia.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniambia niisome upya, safari hii bila kuruka kitu.

Nikasoma. Nilipofika kwenye "wala sijali" akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tena."

Nilirudia hayo maneno mawili mpaka saa zangu zikaisha, na ofisi yangu ikapiga simu kuuliza niko wapi.