Mnavyomkosea Mzee Agwata

Nyinyi mliokulia Migosi enzi zile nyumba zikiwa chache na vichaka vingi, mliocheza kati na brikicho hadi mama zenu wakawaita kwa majina yote matatu, leo nawasahihisha. Nimenyamaza vya kutosha. Kila tunapokutana, iwe harusini au matangani, lazima mtu aanzishe habari za Mzee Agwata, na lazima akosee.

Kwanza, hakuwa na kofia. Kichwa chake kilikuwa agwata, kile kibuyu cha kunywea uji, na hiyo mnayoiita kofia kilikuwa kishikio chake tu. Meno yalikuwa mbegu za boga. Tena hakuwa mlevi. Najua aliyumba, na najua mama fulani wa kanisa alimlalamikia kwa mchungaji. Aliyumba kwa sababu mkono uliokuwa ndani yake ulichoka. Na yule Nyar Seme, mwenye kitambaa chekundu na mwili wa soksi, hakuwa mke wake wa pili. Huyo wa kwanza mmemtoa wapi?

Lakini kosa kubwa, kosa linaloniwasha mpaka leo, ni la sauti. Mnasema Mzee Agwata alikuwa baba yangu.

Mnamkumbuka Baba, mwalimu mrefu mwenye baiskeli nyeusi. Jumamosi alisimamisha miti miwili, akatundika shuka la buluu, na nyuma yake vikaragosi vikatufundisha kuchemsha maji na kunawa mikono. Sisi tulikaa chini kwenye vumbi na nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja kwa chumvi ya kutosha, ndani ya karatasi ya gazeti, tukicheka hadi punje zitutoke puani. Mtoto wa siku hizi ukimwonyesha soksi yenye macho, atakuuliza inachajiwa wapi.

Mwanzoni kweli Mzee Agwata alikuwa Baba, na alikuwa mbaya kupindukia. Aliongea kama anaita rejista. Onyesho lake la kwanza lilikuwa sokoni Pap Onditi, nyumbani kwao Mama, na kabla maji hayajachemka watoto walikuwa wamehamia kutazama mbuzi wakipimwa. Baba alikunja shuka, akalifunga kwenye baiskeli. Nilimhurumia sana siku ile.

Mimi nilikimbia na kikaragosi hadi kwa nyanya, mama yake Mama. Akakitia mkono, akakigeuza huku na huku, halafu akaanza kuongea kwa sauti ya marehemu babu, sauti nzito yenye kikohozi katikati, akigomba juu ya chai isiyo na sukari. Nilianguka chini kwa kicheko. Baba alikuwa nje, karibu na lango, mahali ambapo mkwe husimama, na alisikia kila kitu.

Sasa nyinyi mnajua mila zetu. Mtu na mama mkwe wake hawaketi karibu, hawatazamani usoni, na jina lake halitajwi. Halafu watu hao wawili wachuchumae bega kwa bega nyuma ya shuka moja? Mama ndiye aliyepeleka maneno, akitoka langoni akiingia ndani, akitoka tena, hadi viatu vikajaa vumbi. Mwishowe nyanya alikubali kwa masharti. Atafunga leso katikati ili wasionane. Hatalala kwetu, atalala kwa dada yake mjini. Na sharti la mwisho alilitoa mbele yetu sote: "Nikiwa hai, mtu asiseme ni mimi. Siku nikisikia jina langu hapo nje, hiyo kibuyu narudisha kwa uji."

Basi ikawa hivyo. Baba akachukua Nyar Seme, nyanya akachukua mume, na leso yenye maua ya manjano ikaning'inia kati yao. Mwalimu wenu mrefu, mliyemwogopa kuliko sindano, ndiye aliyekuwa akilia kwa sauti nyembamba ya mke aliyeonewa, akimwita Mzee Agwata Baba Owiti.

"Nyar Seme! Hii maji umechemsha ama umeionyesha moto tu?"

"Nimechemsha, Baba Owiti! Uliza sufuria!"

"Sufuria ni ndugu yako, itasema ukweli aje?"

Mlicheka hayo. Mimi nilicheka zaidi, kwa maana nilijua ni mama mkwe anayemgombeza mkwewe mbele ya umati, na mkwe anamjibu bila kupepesa. Wakimaliza, walitokea pande mbili tofauti, kila mmoja akitazama njia yake, wakasalimiana kwa mbali kana kwamba hawajaonana mwezi mzima. Niliwapenda sana katika dakika ile.

Siku moja ya likizo tulikwenda Usenge. Omena zilikuwa zimeanikwa ufuo mzima, harufu yake ikiingia mpaka ndani ya mandazi, na wanawake wa samaki wakaacha kazi waje kutazama. Katikati ya ugomvi wa maji, upepo ukatoka ziwani, ukaling'oa shuka pamoja na mti wake mmoja. Watu wote wakawaona. Baba amepiga magoti na mwanamke wa soksi mkononi, mdomo bado wazi. Upande wa pili wa leso nyanya yangu, jasho linamtoka, ameinua Mzee Agwata. Nyanya akashusha mkono polepole na kujifunika uso kwa upindo wa gauni. Nikajua yameisha. Nikaanza kulia.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa na beseni ya omena kichwani, aliitua chini kwa kishindo. "Mnaangalia nini?" akawafokea wenzake. "Hamjaona mtu akifanya kazi? Wewe, shika huku! Na wewe, shika huku!" Wanne wakalinyanyua shuka na kulishikilia kwa mikono yao, wameligeuzia mgongo, wasitazame ndani. Kisha nyuma ya shuka tukasikia kikohozi, na ile sauti nzito: "Nyar Seme, umeona? Hata upepo imekataa maji yako." Sijasikia kicheko kama kile tena. Na Usenge nzima haikusema. Watu wa soko la samaki, ambao hujua umekula nini kabla hujanawa mikono, walifunga midomo miaka yote. Leo siri ya namna hiyo ingefika Nairobi kabla ya shuka kugusa chini.

Nyanya alituacha miaka minne iliyopita, amekula chumvi nyingi. Nilidhani sasa Baba atasema. Hakusema. Watu waliendelea kumpa mkono, "Mwalimu, wewe ndiye Agwata wetu!" naye akatabasamu. Nilikasirika. Nilimwambia wazi kwamba anakula sifa ya mtu aliye kaburini. Aliniomba chai.

Desemba iliyopita wenzetu wachache wa Migosi walikuja kumsalimu. Baba sasa anatembelea mkongojo. Mmoja mwenye kitambi, aliyekuja na vijana wake wawili wenye simu zilizoelekezwa tayari, akasema, "Mwalimu, tufanyie Mzee Agwata kidogo, watoto wasikie." Nilitazama chini kwa aibu.

Baba akasafisha koo. Ikatoka sauti nyembamba, iliyopasuka kidogo kwa uzee: "Nimechemsha, Baba Owiti! Uliza sufuria!"

"Mimi nilikuwa mke," akasema. "Hiyo ndiyo naweza. Mume alikuwa mama mkwe wangu. Nimeshindwa kusema kwa sababu kumsema ni kumtaja, na mimi sijawahi kumtaja."

Siku hizi mtu huanza na jina, kazi itafuata ikipata nafasi. Enzi zetu mwanamke alichekesha ufuo mzima akiwa nyuma ya shuka, na mtu aliyechuchumaa kando yake miaka ile yote hakuthubutu hata kulitamka jina lake. Baba alishika mkongojo, akasimama kwa shida kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa heshima.

"Dorina," akasema. "Aliitwa Dorina."