Mume Wangu na Watu wa Sondaji

Mume wangu ni fundi wa magari hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, na ugonjwa wake ni kusema kweli. Mteja akimuuliza kama gari litafika Gitega, atamwambia litalala njiani, hata kama mteja mwenyewe alikuja akitaka kusikia kingine. Wateja wanampenda kwa hilo. Mimi niliyeolewa naye nina maoni yangu.

Zilikuwa zimebaki wiki chache tufanye uchaguzi wa rais alipopigiwa simu tukila mchana. Tulikuwa watatu, yeye, mama yake na mimi, ugali wa muhogo na ndagala katikati yetu. Simu yake huiweka kwenye spika kwa sababu nyundo za kazini zimemla masikio, kwa hiyo sote tulisikia. Alikuwa msichana mwenye sauti ya adabu. Alisema wanafanya sondaji, maoni ya wananchi kuhusu uchaguzi, namba hii imechaguliwa kwa bahati tu, na mzee ana haki ya kukataa. Kisha akauliza: kura zingepigwa leo, angemchagua nani?

Nilimtolea macho. Nilitikisa kichwa. Nilimfinya paja mpaka nikahisi mfupa. Mume wangu akamtaja mgombea wake kwa jina lote, halafu akaongeza sababu ambazo hakuna aliyemwomba: mafuta ya gari hakuna, sukari hakuna, na waliokaa muda mrefu nao wana haki ya kupumzika. Msichana akamshukuru sana, simu ikakatika.

"Unamujua ule mutu?" nikamuuliza.

"Apana. Ni mutu wa sondaji."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa ameacha kula. "Wamekufanyia sondaji?" akamuuliza mwanawe. "Kwa telefone? Bila kukulalisha?"

Hapo nieleze. Marehemu baba mkwe alipozibwa mkojo, hospitalini walimwekea sonde, ule mpira mwembamba, na mama ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda kumshika mkono. Tangu siku ile kila neno linaloanza hivyo, kwake, ni mpira ule. Nilimweleza kwamba hii ni nyingine, ni maswali tu, wanataka kujua mtu ana nini moyoni.

"Ni ileile," akasema. "Banaingiza mupira, kilicho ndani kinatoka."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kicheko hakijaisha, hofu ikanishika.

Sisi wa mji huu tunajua kuongea. Tutakuambia ndoa ya jirani ilivunjika kwa nini, na nani kamloga nani. Lakini kura ni jambo unalomwambia mto wako, tena ukiwa umezima taa. Mimi nimewahi kuvuka mpaka wa Gatumba nikiwa na godoro kichwani baada ya kura nyingine, na niliowaacha nyuma si wote niliowakuta niliporudi. Mume wangu anayajua hayo yote, tulivuka pamoja. Ila yeye anaamini swali likiulizwa kwa adabu lina haki ya kujibiwa.

"Namba imechaguliwa kwa bahati tu," akanikumbusha.

Bahati gani hiyo, inayopita nyumba zote za Buyenzi na kwenda kumpata mtu mmoja asiyejua kunyamaza? Namba yake ameipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa chuma wa gereji, kubwa, na jina lake juu. Yeyote anayepita barabarani anaweza kuisoma.

Basi nikajitungia dawa. Nilijiambia hivi: watu wa sondaji wakiwa wa kweli, siku moja watatangaza walichokusanya. Wasipotangaza, basi yule msichana hakuwa anakusanya maoni, alikuwa anamtafuta mume wangu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa sondaji kuliko waandishi wa habari. Mimi ni mshonaji, mashine yangu iko barazani, kando ya gereji, na simu nikaiweka pale pale karibu na mkasi. Kila ujumbe ulioletwa kwenye WhatsApp niliufungua. Watu wa upande huu walituma kwamba wao wako mbele. Watu wa upande ule walituma picha ileile, majina yamegeuzwa. Wengine walikuwa wanatafuta nani anaongoza. Mimi nilianzia chini kabisa, kwenye maandishi madogo, nikitafuta waliulizwa akina nani, na kwa njia gani. Nilichotaka ni neno moja tu, telefone. Halikuwapo.

Siku zilivyosogea nilikonda. Mume wangu alikula vizuri na kulala vizuri, jambo lililoniudhi sana. Asubuhi makundi ya vijana yalipita yakikimbia mchakamchaka na kuimba nyimbo za chama, na nilizima mashine ili nisikie kama miguu inapunguza mwendo mbele ya gereji. Jirani aliyekuwa akiazima chumvi kwangu kila mara aliacha kuja. Labda alikuwa amenunua chumvi. Mimi niliona amesikia jambo.

Siku moja likasimama gari lenye vioo vyeusi. Akashuka mwanaume wa shati safi, akaangalia mlango, akasoma jina la mume wangu lote, herufi kwa herufi. Akanigeukia.

"Huyu iko wapi?"

"Ametoka," nikasema, na mume wangu wakati huo huo akatokeza kichwa chini ya gari la jirani, uso mweusi kwa grisi, akasema, "Ni mimi, karibu."

"Wamenielekeza kwako," mwanaume akasema. "Wameniambia we ndiye ule mutu anasemaka kweli."

Nilirudi nyuma nikakaa juu ya nguo ya mteja yenye pini zake zote. Mwanaume alikuwa ametoka mtaa wa Kigobe, mkanda wa gari lake ulikuwa unapiga kelele, na fundi wa kule amemdanganya mara mbili. Mume wangu alimbadilishia mkanda. Baadaye alicheka peke yake, akaniita mwoga. Zile pini zilinichoma siku nzima, nikaona nimeadhibiwa kwa makosa ya mwingine.

Sondaji yenyewe ilikuja na mteja wangu mmoja, mama wa Ngagara anayefanya kazi ofisini. Alikuwa anajaribu gauni la harusi ya mdogo wake, mimi nimepiga magoti kwenye pindo, pini midomoni. Simu yake ikalia, akafungua, akaanza kusoma kwa Kifaransa.

"Sondaji imetoka," akasema. "Hii si ya kuchorachora. Ni ya wale banapigiaka batu telefone."

Nilitema pini zote mkononi. Nikamwomba anisomee chini, yale maandishi madogo. Akasoma: watu waliulizwa kwa simu, namba zilichaguliwa kwa bahati, wakiwemo wa mitaa ya Bujumbura. Neno kwa neno kama alivyosema yule msichana. Nilitaka kumkumbatia na gauni lake. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, akadhani nimefurahia mgombea, akanitazama kidogo kwa jicho la pembeni.

"Sasa nani iko mbele?" nikauliza, kwa mara ya kwanza tangu nianze.

"Hakuna." Akaupandisha ukurasa wa simu kwa kidole. "Kundi kubwa kuliko yote ni ba kukataa kujibu. Na hapa mujini ndiyo zaidi, karibu wote." Akacheka kabisa, tumbo likatikisika ndani ya gauni. "Na bako na akili! Ni mujinga gani anaweza kujibu kitu kama hicho kwa telefone?"

Nikarudi kwenye pindo. Nilikuwa nimeomba sondaji itoke ili ithibitishe kwamba aliyeuliza ni mtu mwema, na Mungu amenipa nilichoomba. Sikuwahi kufikiria upande wa waliojibu. Sasa nilijua: mtaa mzima, mji mzima, walipigiwa simu wakanyamaza, na mume wangu amesimama peke yake katikati ya kiwanja kitupu, na jina lake kwenye mlango.

Nilimweleza tukiwa na mama yake, baada ya magharibi. Nilitegemea acheke. Aliuliza mara mbili: "Karibu wote?" Kisha akawa anajikwangua grisi kwenye kucha. Kilichomuuma, nadhani, hakikuwa hatari. Alikuwa anawahesabu marafiki zake, wale anaokunywa nao kahawa kila siku wakilalamika kuhusu mafuta na sukari kwa sauti kubwa.

Wiki ya mwisho msichana akapiga tena. Sauti ileile, adabu ileile. Akamwita kwa jina, akasema wanarudi kwa wote waliojibu mara ya kwanza.

"Mara ile, mzee, ulituambia utamchagua..." na akamtaja. Alimtaja hivihivi, kwenye spika, uani kwetu, jina lililotoka kinywani mwa mume wangu tukila ndagala. "Bado ni vilevile?"

Mama mkwe aliweka kiganja mdomoni. Mume wangu aliitazama ile simu. Nilimwona anafungua mdomo kujibu, kwa mazoea, na nilimwona anaufunga.

"Sijue," akasema.

"Hujui, mzee, ao unakataa kujibu? Naweka moja."

"Nakataa," akasema.

"Haya, mzee. Asante." Sauti ilikuwa imechoka. Nafikiri alikuwa msichana wa watu tu, anayetafuta ugali wake.

Ningepaswa kufurahi, maana ndicho nilichomfinyia paja siku ya kwanza. Nilifurahi, kusema kweli, halafu nikaona haya kwa kufurahi. Kesho yake alichukua kopo la rangi akaifuta namba yake mlangoni, na jina pia. Wateja wasioijua gereji wakawa wanapita moja kwa moja.

Siku ya kura tulitoka mapema, tukapanga mstari, kila mtu kimya kama yuko mazishini. Tulirudi salama, wino kidoleni. Jioni ile barabara ilikuwa tupu. Nilimpikia wali, nikamtengea mwenyewe, na nikataka turudi kama zamani, mimi nimchokoze na yeye aseme kweli yake mpaka nimwombe anyamaze. Nikamsogelea nikamnong'oneza:

"Baba watoto, niambie miye. Umemupigia kura nani?"

Aliangalia mlango. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu kidogo, namna alivyokuwa anaiangalia ile simu.

"Mi sijibu sondaji," akasema, akaendelea kula.