Choo Kilichoharibika

Juzi mjukuu wangu aliniletea maswali yake ya shule. Moja lilisema: "Taja nchi ya Afrika iliyokuwa na ubaguzi wa rangi." Alikuwa ameandika Afrika Kusini, basi. Damu ilinichemka.

Enzi za ukoloni nilikuwa msichana mdogo, sijajua kusoma. Mimi na Mama tulikuwa tumetoka Riruta kwa miguu kupeleka mboga Parklands, na tulipofika katikati ya mji nikabanwa na mkojo. Nikaona choo chenye kibao mlangoni.

"Hicho kimeharibika," Mama alisema, akanivuta mkono.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke Mzungu, viatu vikigonga sakafu, harufu ya sabuni ya maua ikimfuata. Nilimhurumia, kutumia choo kibovu na nguo nzuri vile. Sasa najua kibao kilisema Wazungu tu.

Hatukufika mbali. Mkojo ulinitoka pale barabarani, wa moto, mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikafumba macho kungoja kofi, maana Mama alinichapa hata nikimwaga chumvi. Hakunichapa. Alivua leso yake akanifunga kiunoni, mikono ikimtetemeka. Nilidhani anasikia baridi, na jua lilikuwa kali ajabu.

Nikachukua kalamu ya mjukuu wangu, nikaongeza: na Kenya.

"Shosho, mwalimu atanikata alama!"

"Akate," nilimwambia. "Halafu mwambie aje hapa aniulize."