Mshono Uliotoka Safi kwenye Filamu

Riyadh, kazi yangu ilikuwa kamba. Ijumaa, watu wakiwa wamepumzika, nilizungushia kamba ya manjano eneo lote la mabomba, nikatundika alama ya hatari, kisha nikasimama mbali kuwafukuza waliotaka kupita njia ya mkato. Ndani ya kamba, watu wa eksirei walifunga filamu kwenye mshono, mahali mabomba mawili yalipochomelewa kuwa moja, wakaachilia mionzi na kukimbilia nyuma ya ukuta. Filamu ikishasafishwa, iliinuliwa mbele ya taa. Mshono mzuri ulitokea kama mkanda mweupe, laini, usio na doa.

Mikanda safi kuliko yote ilikuwa ya fundi mmoja kutoka Nakuru tuliyelala naye chumba kimoja. Mafundi wengine walikuja kuzitazama filamu zake kama watu wanaotazama picha za harusi.

Kampuni ilipotuhamishia Jeddah, tukapanga mtaa wa Al-Mahjar na kufanya kazi katika karakana ya mabomba ya mvuke. Pale hapakuwa na nafasi ya kamba. Karakana za jirani zilitubana kila upande, na hakuna aliyekuwa tayari kuzima mashine zake kwa ajili ya mionzi yetu. Kwa hiyo akaletwa mpimaji wa sauti, Mzanzibari mpole mwenye kimashine kilichobebeka begani.

Kazi yangu ikawa jeli. Niliipaka kando ya mshono ili hewa isiingie kati, yeye akatelezesha juu yake kichwa kidogo cha mashine. Sauti isiyosikika na sikio la mtu iliingia ndani ya chuma, na ikikuta ufa ilirudi. Mstari kwenye kioo ukaruka. Joto la Jeddah liliikausha jeli upesi, nami nilipaka tena na tena. Hakupima mishono yote. Alichagua.

Akachagua miwili ya fundi wa Nakuru, na yote miwili akaikataa.

“Hiyo mashine inasikia sauti za majini,” fundi akaniambia. Kisha akamgeukia mpimaji. “Mzee wa masikio, picha iko wapi? Nionyeshe picha.”

“Picha sina, bwana. Lakini dosari ninayo, na kina chake ninakijua.”

Msimamizi wetu Mmisri hakutaka mabishano. Alimwambia fundi kwamba mshono mwingine ukikataliwa, halas, kadi yake ya ufundi inarudi ofisini na yeye anarudi kubeba mabomba. Fundi alikuja nchi hii kubeba mabomba. Kadi ile, yenye picha yake akiwa amenyoa vizuri, ndiyo iliyomtoa huko.

Mshono mwingine ukakataliwa. Safari hii fundi alidai eksirei, na msimamizi, aliyekuwa na uhaba wa mafundi, akakubali. Ijumaa, karakana za jirani zikiwa zimefungwa, nikairudia kamba yangu. Filamu ikatoka: mkanda mweupe, hauna doa.

“Unaona?” fundi alicheka, akaipeleka filamu hadi puani mwa mpimaji. “Nenda ukapime masikio yako kwanza!”

Mpimaji hakukasirika. “Picha huonyesha pale chuma kilipopungua,” alisema. “Povu la hewa lina unene, utaliona. Ufa mwembamba uliolala mshazari haupunguzi kitu. Hebu tukatazame.”

“Tufungue,” akasema msimamizi. “Yalla.”

Fundi akakataa mtu mwingine ashike grainda, mashine ya kusagia chuma. Alikwangua mwenyewe, tabaka kwa tabaka, mpimaji akipima kina kwa rula. Walipofika kina alichokitaja mpimaji, chuma kilikuwa king'avu, hakina kitu. Fundi akaanza kutabasamu. Mpimaji akamwaga rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, akasubiri, akaifuta, kisha akapuliza unga mweupe. Mstari mwekundu ukajitokeza polepole, mwembamba kama unywele, pale mshono ulipopaswa kushikana na ukuta wa bomba na haukushikana.

Msimamizi akanyoosha mkono apewe kadi.

“Ngoja,” mpimaji akasema. “Ewe bwana, kwa nini fimbo yako ya kuchomelea unaielekeza katikati tu? Huigusi kando.”

“Katikati ndiko inatoka safi,” fundi akajibu kwa sauti ndogo. “Kwa picha.”

Mpimaji akamwomba msimamizi: fundi achomelee mshono huo upya, yeye mpimaji akiwa amesimama pale. Msimamizi akatazama mabomba yaliyongoja, akarudisha mkono mfukoni.

Fundi alichomelea taratibu, akiuelekeza moto ukutani, akingoja chuma kiyeyuke ndipo asogee. Mshono ulitoka na vinundu, hata mimi nisingeusifu. Ulipopoa nikapaka jeli. Kichwa cha mashine kikapita upande mmoja, kikarudi kwa upande wa pili. Mstari ulilala kimya kwenye kioo.

“Huu umeshika,” mpimaji akasema.

Msimamizi akapiga makofi mara moja na kugeuka kuondoka. Kadi ilibaki mfukoni mwa fundi. Nilidhani angeketi apumzike. Badala yake aliifuata safu ya mabomba ambayo mpimaji hakuyachagua, akaanza kuigusa kwa kidole mishono yake ya nyuma, aliyoichomelea kwa ajili ya picha.

“Pima huu,” alisema. “Na huu. Na ule pia.”

“Umeshapona, wewe!” nikamnong'oneza. “Nyamaza.”

“Lete jeli, bro,” akasema, na tayari alikuwa ameshika grainda.