Chupa Mbili Tumboni

Mtaa mzima ulimwita Mjamzito, ingawa miaka hamsini alikuwa ameshaipita na hata mume hakuwa naye. Sababu ilikuwa chupa. Alipofundishwa na wahudumu wa afya kupima maji, hakupewa mashine wala umeme. Alipewa vichupa vya plastiki vyenye dawa kidogo ndani. Unatia maji, unafunga, unaviweka kwenye joto siku nzima. Maji yakigeuka meusi, ujue yameingiwa na choo. Naye joto la bure alikuwa nalo, tumbo lake mwenyewe. Alivifunga kiunoni kwa kitambaa, akapika navyo, akalala navyo.

"Unajifungua lini, dada?" walimtania.

"Mkiacha kunywa uchafu, nitapumzika kubeba," aliwajibu, nao wakacheka mpaka machozi.

Wiki hiyo hakuna aliyecheka. Watoto wawili walizikwa kwa kuhara, wa pili akiwa wa jirani yake, fundi cherehani. Mjamzito akachota maji ya kisima cha kaka yake, akachota na ya bomba la shule. Kesho yake akafungua kitambaa. Kichupa cha kisima kilikuwa cheusi tii. Kaka alikuwa amechimba choo cha wapangaji hatua chache tu upande wa juu wa kisima, na dada mtu alishamkanya tangu siku ya kwanza ya sururu.

Angeweza kumwita pembeni wakanong'onezana. Wapi! Alikwenda na hasira zake hadi kisimani, foleni ikiwa imejaa, akakiinua kichupa juu.

"Fungeni kisima hiki! Mnakunywa mavi!"

Kaka akakinyakua. "Tazameni, jamani. Maji kayachota mbele yenu, mnaona mpaka chini ya ndoo. Yamekaa tumboni kwake siku moja tu, yametoka lami. Nani kayachafua, kisima au yeye?"

Hapo ndipo akili zilipowaruka. Mmoja akasema sumu, mwingine akasema mchawi. Fundi baiskeli, aliyemwita dada miaka yote, akashika mpini wa jembe, akamtwanga nao mkono wa kulia, mfupa ukalia kwa wote kusikia. Alipoanguka wakamkanyaga mbavu. Meno mawili yakamtoka. Hata uso hakuuficha; alijikunja kulinda tumbo.

"Kiko cha pili!" alilia. "Dawa ile ile, tumbo lile lile! Kitazameni cha pili!"

Fundi cherehani ndiye aliyewasukuma kando. Mama wa watu akapiga magoti, akapenyeza mkono kitambaani, akakitoa kichupa cha maji ya shule. Maji yalikuwa vilevile yalivyotiwa. Akakishika kando ya kile cheusi mkononi mwa kaka, akavitazama, kisha akamtazama mwenyewe usoni.

"Mwanangu kanywa haya," alisema.

Umati haukuomba radhi. Ulihamisha kipigo tu. Mpini ule ule ukamshukia kaka kichwani, damu ikamjaa machoni, wakamburuta hadi mlangoni pa choo chake huku wakimpiga mateke. Mjamzito akawapigia kelele wamwache. Alichotaka ni kisima kifungwe, naye alimpenda mshenzi yule, walinyonya ziwa moja. Hakuna aliyemsikia. Walipochoka, kaka alikuwa bado anapumua, lakini kwa taabu.

Kazi ile iliwatia kiu. Fundi baiskeli akarudi anahema, jasho likimtiririka, akautupa mpini, akashika kata iliyokuwa ndani ya ndoo ya kisimani, akachota, akagugumia. Wengine wakajipanga nyuma yake wakisubiri zamu.

Mjamzito hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Akauokota mpini kwa mkono wa kushoto, akajiinua kwa magoti, akamtandika nao fundi baiskeli mdomoni kwa nguvu zote alizobaki nazo. Kata ikaruka, maji na damu vikamwagika kifuani.

"Tema," akamwambia. "Tema yote."