Sweta la Watu

Sweta la mama lilinyeshewa jana kwenye kamba, na leo chumba kizima kinanuka sufu mbichi. Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka juu ya birika letu kule Bukene, mwaka sijui upi, nilipokuwa bado nafika kiunoni mwa mama.

Tulikwenda mnadani. Mama alipekua rundo la mitumba, akachokonoa mishono ya kila sweta kwa ukucha, kisha akaniambia, "Chagua rangi." Nikachagua jekundu. Nililivaa njia nzima, na lilinikaa vizuri, naapa.

Tulipofika nyumbani akanivua. Akakata mshono, akashika ncha ya uzi, akaanza kuvuta.

"Nyoosha mikono," akasema, akanizungushia ule uzi uliojikunja kama nywele. Sweta likaisha huku nalitazama. Nililia. Yeye akacheka, akaupitisha uzi kwenye mvuke wa birika ili unyooke.

Halafu akafuma. Akafuma nini? Sweta! Jekundu, la kunitosha mimi.

"Mama, si lilikuwepo?"

"Lile lilikuwa la watu," akasema. "Hili ndilo lako."

Sikuelewa, na hata leo sina hakika kama naelewa. Dada zangu wamesema nguo za mama tuzigawe kesho. Hili sweta lake limefumuka kwenye mkono. Nimeshika ncha ya uzi tangu asubuhi, na sijui nivute au nifunge fundo.