Swali la Saba

Wagonjwa walimwita Dakika Mbili, na yeye jina hilo alilipenda. Lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Kila aliyechungulia mlangoni aliambiwa, "Dakika mbili tu, mama," au "Dakika mbili, mzee wangu," na kweli, muda si muda mgonjwa alikuwa ameshaingia, ameshapimwa tumbo na ameshatoka na karatasi ya dawa mkononi. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na tatu katika hospitali ile ile. Mvi zilishaanza kumtambaa juu ya masikio, na viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja kwa kuzunguka wodi. Hakuwa mvivu. Hilo lisemwe mapema, maana wavivu wana hadithi yao. Huyu alikuwa mchapakazi, na kosa la mchapakazi ni gumu kulikamata kwa sababu kila siku limevaa nguo safi.

Ukutani, nyuma ya kiti chake, palikuwa na vyeti kumi na kimoja ndani ya fremu. Kila mwaka daktari hutakiwa aonyeshe kwamba bado anasoma: afuate mafunzo, ajibu maswali, akusanye pointi. Asipozifikisha, leseni yake haihuishwi. Ni sheria yenye akili. Dawa hubadilika, na alichofundishwa mtu akiwa na miaka ishirini na mitano kinaweza kuwa kosa akikaribia hamsini. Dakika Mbili aliyajua hayo, tena aliwahi kuwahubiria vijana waliotoka chuoni. Lakini enzi zile mafunzo yalipofanyika ukumbini, yeye alikuwa akifika, akisaini karatasi ya mahudhurio, akinywa chai, kisha akirudi wodini kwa mlango wa nyuma. "Wagonjwa wananisubiri," alijiambia. Na kweli walikuwa wanamsubiri. Uongo uliochanganywa na ukweli humezeka bila maji.

Mafunzo yalipohamia kwenye kompyuta, hata ile chai ikakosa maana. Hapo ndipo alipomkumbuka Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa karani wa masijala, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, anayetunza majalada ya wagonjwa na asiyepoteza hata karatasi ya kufungia karanga. Miaka minne nyuma Daktari alimtibu mama yake mzazi mpaka akasimama, na karani hakujua amshukuruje.

"Nisaidie kitu kidogo," Daktari alimwambia siku moja, akampa neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi. "Ni maswali tu, dada yangu. Majibu yamo humo humo kwenye somo. Unabofya, unabofya, umemaliza."

Mwezi uliofuata madaktari wengine wanne walileta vipande vyao. Basi kila mchana, wenzake wakienda kula, karani alibaki na majalada mkono huu na masomo ya udaktari mkono ule. Na kwa kuwa hakuumbwa mtu wa kubahatisha, kila somo alilisoma mstari kwa mstari, tena mara tano, mara moja kwa kila daktari. Jina la Profesa lilianza kama utani.

"Profesa, mwezi huu tumefaulu?" Dakika Mbili alikuwa akimuuliza kwenye korido.

"Tumefaulu kwa tisini, Daktari. Ile kumi umeniangusha wewe kwa haraka zako."

Wakacheka wote wawili. Hakuna aliyehisi kwamba chini ya kicheko kile kuna kitu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Profesa aliingia chumbani kwa Daktari bila kubisha, jalada kifuani.

"Dakika mbili, dada."

"Sina dakika mbili." Akafunga mlango. "Yule mtoto wa mafindofindo uliyemruhusu jana mchana. Jalada lake limenifikia sasa hivi. Umemwandikia dawa ya maji ya kodeini."

"Ndiyo. Mtoto amekatwa mafindofindo, koo linamuuma. Ulitaka nimwandikie pipi?"

"Swali la saba, Daktari."

"Swali gani?"

"Somo la mwezi wa tatu, swali la saba. Mtoto wa miaka mitano ametolewa mafindofindo: dawa ipi ya maumivu asipewe kabisa? Jibu lilikuwa kodeini."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hiyo dawa nimewapa watoto miaka ishirini. Tangu lini masijala ikakagua dawa?"

"Tangu mliponipa maneno yenu ya siri." Karani hakurudi nyuma hata hatua moja. "Wamesema kuna watoto ambao miili yao inaigeuza dawa hiyo haraka mno, inakuwa kali kupita kiasi. Mtoto analala tu, pumzi inapungua, inapungua. Ukimwangalia usoni humjui ni yupi. Nilipomfanyia daktari wa kwanza swali hilo nililikosa, ndiyo maana silisahau. Kwako nililipata. Cheti chenyewe kile pale, cha tatu kutoka dirishani."

Daktari aligeuka akakitazama. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na chini yake: amefaulu. Alikuwa amekitundika kwa mkono wake, akapima kwa macho kama kimenyooka.

Simu ya mama wa mtoto haikupatikana. Jalada lilisema ni fundi cherehani, anaishi nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba ya geti la buluu. Daktari alimwita Sista wa wodi ya watoto, akamwambia achukue mfuko wa kupumulishia, barakoa na sindano ya kuzima nguvu ya kodeini. Sista alimtazama usoni mara moja, akaanza kuvikusanya. Foleni ya wagonjwa ilimwona Dakika Mbili akikimbia, na mzee mmoja akasema, "Leo hata hizo mbili hatupati."

Fundi aliwapokea mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Jamani, Daktari mwenyewe! Karibuni. Mbona mnanitisha?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Jana alilia mpaka sauti ikakauka, lakini leo nashukuru, dawa yako imemkubali. Nimempa kijiko cha nne saa moja na nusu. Tangu hapo hata kujigeuza hajigeuzi." Akashusha sauti. "Tafadhali msimwamshe."

Daktari alimpita akaingia ndani. Mtoto alilala kwenye godoro lililosukumwa pembeni mwa cherehani, kati ya marobota ya vitambaa vya sare za shule. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Alikoroma kidogo, kisha akanyamaza, na ule unyamavu ukawa mrefu.

"Anapumua mara sita kwa dakika," Sista alisema.

Daktari alimchoma sindano pajani. Sista akambania barakoa usoni na kuanza kuuminya mfuko wa hewa. Mama alikuwa amesimama na mkasi mkononi, amesahau kwamba anao.

"Ana nini mwanangu? Sindano hiyo inachukua muda gani?"

"Dakika mbili, mama," Sista alijibu bila kuinua macho.

Maisha yake yote ya kazi Daktari alikuwa akizigawa dakika hizo kama njugu, na hakuwahi kukaa ndani ya hata moja. Sasa alikaa. Aliona kidole cha mtoto chenye wino wa kalamu. Aliona chupa ya dawa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri ili vumbi lisiingie. Alisoma maandishi ya karatasi yake mwenyewe iliyoegemezwa hapo: kijiko kimoja kila baada ya saa sita. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka.

Mtoto alikohoa, akafumbua macho na kulia, kilio cha koo lenye kidonda. Hakuna wimbo uliowahi kumfurahisha Daktari namna ile.

Fundi alimshika mikono yote miwili. "Ulijuaje, Daktari? Nani alikwambia mwanangu anakufa?"

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana kama mlango uliofunguliwa. Daktari alisema, "Tunafuatilia wagonjwa wetu, mama."

Neno hilo moja likatoka nyumba ya geti la buluu likazunguka. Mtoto alirudishwa wodini ili aangaliwe siku tatu, na mama yake alimsimulia kila mwenye masikio. "Alikimbia, jamani! Aliacha foleni nzima!" Mganga mkuu wa hospitali akalichukua mpaka kwenye kikao cha madaktari. "Mnamwona mwenzenu? Anafuatilia wagonjwa mpaka majumbani. Nyie mnafuatilia nini, mpira?" Watu walicheka. Wale wanne walicheka kwa sauti kuliko wote.

Nyumbani, mkewe alimsogezea sahani mara ya pili. "Shujaa, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba sifa?"

Hakujua jinsi alivyolenga. Daktari alikuwa amegundua kwamba dhidi ya lawama mtu anaweza kujitetea, lakini sifa asiyostahili haina pa kuitupia. Akikutana na Profesa kwenye korido, karani alipita ukutani akitazama sakafu, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika ile karatasi. Hilo lilimuuma kuliko yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maneno hayo alikuwa akiwatania nayo wagonjwa wanaochelewa kuja.

Siku ya tatu, mtoto aliporuhusiwa, fundi alikuja naye chumbani kwa Daktari na kifurushi mkononi. Ndani mlikuwa na koti jeupe, limeshonwa kwa mikono yake, na juu ya mfuko wa kifuani alikuwa ametarizi kwa uzi wa buluu: *Anafuatilia*.

"Livae nilione mabegani, baba yangu."

Daktari aliingiza mkono mmoja kwenye mkono wa koti. Wa pili haukuingia. Alilivua, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka mezani kati yao.

"Mama, keti."

"Kuna nini? Mtoto?"

"Mtoto ni mzima. Mimi ndiye niliyemlaza vile. Ile dawa niliyoandika hapewi mtoto aliyetolewa mafindofindo. Ilikatazwa. Walitufundisha mwezi wa tatu."

Fundi alimtazama. "Ulisahau?"

Hapo angeweza kukubali kwamba alisahau. Kusahau ni kwa binadamu, kila mtu angemwelewa. "Sikusahau," alisema. "Sikusoma. Somo hilo alinifanyia mtu mwingine, nikapata cheti. Ni kile pale."

Mtoto alikuwa akiupiga mguu wa meza kwa kiatu chake. Mama alimshika goti, mtoto akatulia.

"Kwa hiyo ulipokuja mbio siku ile..."

"Nilikimbilia kosa langu."

"Na nani alikwambia ni kosa?"

"Yule aliyenifanyia mtihani. Karani wa masijala. Aliliona jalada."

Fundi alisimama. Hakupiga kelele, Daktari angependa apige. Alichukua koti lake, akalipachika kwapani, akamshika mtoto mkono. "Basi nionyeshe masijala iko wapi," alisema. "Nimemshukuru mtu siye."

Daktari alimwonyesha. Kisha alikaa, akavuta karatasi na kumwandikia mganga mkuu, nakala kwa wanaotoa leseni. Aliandika yale aliyofanya yeye, miaka minne yote, na kwamba karani aliombwa na mtu aliyemtibia mama yake, na kuombwa namna hiyo ni nusu ya kulazimishwa. Majina ya wale wanne hakuyaandika. Alikwenda kuwaambia ana kwa ana, na mmoja akamjibu, "Wewe umeamua kufa, unataka jeneza la familia?" Tangu siku hiyo hawakumsalimu. Wawili kati yao, hata hivyo, walikwenda masijala kuchukua vipande vyao vya maneno ya siri.

Karani alipewa barua ya onyo, akaitia kwenye jalada kwa tarehe yake kama karatasi nyingine yoyote. Daktari alisimamishwa miezi mitatu na kuamriwa arudie masomo yote. Alikaa sebuleni kwake, miwani puani, akajibu la kwanza mwenyewe, akapata arobaini kwa mia. Alirudia. Alipofika kwenye lile la mwezi wa tatu alilijibu swali la saba kwa usahihi, na halikumpa furaha yoyote.

Aliporudi kazini, ukuta nyuma ya kiti ulikuwa mtupu, una misumari kumi na mmoja. Profesa alikuwa akifanya kazi masijala amevaa koti jeupe lililopunguzwa mikono kumtosha. Ule uzi wa buluu haukufumuliwa.

Wiki ya pili mlango ulifunguliwa akaingia fundi na mwanawe, mwenye kikohozi. Angeweza kukaa foleni ya chumba cha pili. Daktari alimsikiliza mtoto kifua mbele na nyuma, akaandika, akamkabidhi mama karatasi. Fundi hakuipokea.

"Hii umeisoma mwenyewe?"

"Nimeisoma, mama."

"Basi nisomee na mimi."

Daktari alivuta kiti karibu. Akamsomea jina la dawa, ni ya nini, kwa nini hii na si ile, ataona nini ikimkataa na akiona hivyo akimbilie wapi. Fundi aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Nje foleni ilianza kuguna, na mtu akabisha mlango.

"Subirini," Daktari alisema, wala hakutaja ni dakika ngapi.